Je, Ukarabati Utarudisha Fedha Zako Nyumba Ikiuzwa? Mwongozo Kamili wa Kupima Kabla ya Kuanza Kazi

Kosa linalowagharimu wenye nyumba wengi ni moja. Mtu huchukua fedha alizotumia katika ukarabati, akazijumlisha juu ya bei ya nyumba yake, kisha akangoja mnunuzi azilipe. Nimeulizwa jambo hili mara nyingi, na karibu kila mara swali huja kazi ikiwa imekwisha, wakati hakuna tena la kuokoa.

Mnunuzi halipi gharama zako. Hulipa tofauti anayoiona kati ya nyumba yako na nyumba nyingine anazoweza kuzipata kwa fedha alizo nazo. Wathamini wa majengo hufuata kanuni hiyo hiyo: kila sehemu ya nyumba ina thamani ya kile inachokichangia katika bei ya nyumba nzima, hata kama kuijenga kuligharimu zaidi au pungufu. Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kuipima tofauti hiyo kwa kalamu na karatasi kabla fundi hajashika nyundo. Hatua zifuatwe kwa mpangilio wake, kwa sababu karibu kila moja hutumia namba zilizopatikana katika zile zilizotangulia.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari moja la kazi hii peke yake, pamoja na kikokotoo.
- Futi ya kupimia, pima maji, na tochi yenye mwanga mkali.
- Karatasi ya nailoni inayopitisha mwanga, yenye upana na urefu wa sentimita 45 kila upande, na utepe wa gundi wa kuizungushia pande zote nne.
- Penseli, na rula yenye alama za milimita.
- Simu yenye kamera.
- Hati ya umiliki, michoro ya nyumba, na vibali vya ujenzi vyote vilivyopo.
- Makadirio ya maandishi kutoka kwa mafundi wasiopungua watatu kwa kila kazi kubwa. Haya yatahitajika katika Hatua ya 5, lakini yaombwe mapema kwa sababu huchelewa.

## Hatua ya 1: Andika utauza lini na atakayenunua ni nani

Andika mwaka unaotarajia kuuza. Ukikusudia kuuza ndani ya mwaka mmoja, kazi inayofaa ni ile tu ambayo bei itaonyesha matunda yake moja kwa moja. Ukikusudia kukaa miaka mitano au kumi, sehemu ya gharama utailipia kwa kuitumia wewe mwenyewe, na hesabu itakuwa nyingine kabisa.

Kisha andika aina ya mnunuzi anayelekea kuja. Familia hutazama idadi ya vyumba vya kulala, bafu, usalama na utulivu. Mwekezaji anayetaka kupangisha hutazama kodi ya mwezi, na kabati la thamani lisiloongeza kodi hiyo kwake ni kama halipo.

Dalili ya kufaulu: una sentensi mbili katika ukurasa wa kwanza wa daftari, moja ya muda na moja ya mnunuzi.

## Hatua ya 2: Tafuta bei ya nyumba ilivyo leo na ukomo wa bei wa mtaa wako

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na bila hiyo zilizobaki hazina msingi.

Tafuta nyumba tatu hadi sita zilizouzwa karibu na kwako katika kipindi cha miezi sita hadi kumi na miwili, zinazokaribiana na yako kwa ukubwa, kwa idadi ya vyumba na kwa eneo la kiwanja. Chukua bei iliyolipwa, si bei iliyotangazwa, kwa kuwa bei ya tangazo ni matumaini ya muuzaji, na mara nyingi hupungua wakati wa mapatano. Madalali, wathamini, mawakili wanaosimamia mauziano na, penye utaratibu huo, daftari la serikali la mauzo ya majengo, ndio wenye taarifa hizi.

Hakuna nyumba mbili zinazofanana kwa kila kitu, kwa hiyo bei hizo zinahitaji kusahihishwa. Hapa watu wengi hugeuza mwelekeo. Unayoisahihisha ni nyumba ya mfano, si yako. Ikiwa nyumba ya mfano ina bafu la pili ambalo wewe huna, punguza thamani ya bafu hilo kwenye bei yake. Ikiwa wewe una gereji na yenyewe haina, ongeza. Kinachobaki ni makisio ya bei ambayo nyumba ile ingeuzwa kama ingekuwa sawa na yako.

Thamani ya bafu hilo utaijuaje? Tafuta nyumba mbili zinazokaribiana kwa mengine yote, moja ikiwa na bafu la pili na nyingine haina. Tofauti ya bei zake ndiyo thamani ambayo soko la mtaa wako limelipa kwa bafu la pili. Jozi moja inaweza kukudanganya, kwa mfano kama muuzaji mmoja alikuwa na haraka. Jozi mbili au tatu zikielekea upande mmoja, unaweza kuzitegemea.

Mwishoni andika namba tatu: bei ya leo ya nyumba yako, bei ya katikati ya mtaa, na bei ya juu kabisa iliyolipwa kwa nyumba ya aina yako. Hiyo ya tatu ndiyo ukomo. Mtu mwenye fedha za kupita ukomo huo kwa kawaida huenda kununua katika mtaa wa juu zaidi, hata kama nyumba yako ni nzuri kuliko atakayoikuta huko.

Onyo: ikiwa nyumba yako tayari ndiyo kubwa na nzuri kuliko zote zinazoizunguka, karibu kila fedha utakayoiongeza itabaki ukutani. Ikiwa ndiyo dhaifu kuliko zote, una nafasi kubwa, kwa kuwa ubora wa jirani zako huivuta bei yako juu.

Dalili ya kufaulu: unaweza kumwonyesha mtu mwingine ni nyumba zipi zilizokupa kila namba, naye akakubaliana nawe.

## Hatua ya 3: Kagua kasoro, ukianza na maji

Kabla ya kufikiria uzuri, tafuta kinachoharibika. Mnunuzi akiona kasoro moja hapunguzi gharama ya kuitengeneza tu. Hupunguza pia gharama ya kasoro nyingine anazodhani zimefichwa. Niliwahi kumsindikiza mnunuzi katika nyumba iliyokuwa imepakwa rangi wiki hiyo hiyo. Alichutama pembeni ya mlango wa bafu, akapitisha kidole juu ya ukingo wa sakafu, na uvimbe mdogo wa rangi ukapasuka. Unga mweupe wa chumvi ukamwagika juu ya kigae. Tangu hapo hakulitazama tena jiko jipya. Maswali yake yote yalikuwa juu ya mabomba na paa, na bei aliyoitaja mwishoni ilikuwa chini sana kuliko gharama ya kutengeneza ukuta ule.

Unyevu wa ukuta. Futa ukuta hadi ukauke, bandika karatasi ya nailoni, ziba pande zake zote nne kwa utepe, kisha uiache kwa saa 24 au zaidi. Matone yakiwa upande wa ndani, kati ya nailoni na ukuta, maji yanatoka ukutani: huenda yanapanda kutoka ardhini, au bomba linavuja, au mvua inapenya kutoka nje. Matone yakiwa upande wa chumba, ni mvuke wa hewa unaogeuka maji juu ya sehemu ya baridi, na dawa yake ni kupitisha hewa. Tofauti hii ni kubwa. Kuvunja ukuta kwa tatizo lililohitaji dirisha ni hasara, na kupaka rangi juu ya bomba linalovuja ni hasara mara mbili.

Maji ya nje. Kagua mifereji ya paa wakati mvua inanyesha, si siku ya jua. Ardhi inayoizunguka nyumba iteremke kutoka ukutani. Kipimo kinachokubalika ni kushuka kwa sentimita 15 katika mita tatu za kwanza. Kurekebisha mteremko huo kwa kawaida ni kazi ya jembe na udongo, nayo huuokoa msingi.

Nyufa. Ufa mwembamba usiofika milimita moja kwa kawaida ni wa lipu tu. Ufa unaozidi milimita 5, ufa wa mshazari unaoanzia kwenye pembe ya dirisha, au unaopanda kama ngazi katika maungio ya matofali, uonwe na mhandisi. Weka alama ya penseli mwisho wa ufa, andika tarehe na upana wake, kisha upime tena kila mwezi. Ufa unaokua ni habari ya msingi wa nyumba, na haufukiwi kwa rangi.

Umeme na paa. Umeme aupime fundi mwenye leseni. Usifungue mwenyewe kisanduku cha swichi kuu. Paa likaguliwe kutoka ndani ya dari kwa tochi mchana: penye nukta ya mwanga, maji hupita.

Dalili ya kufaulu: una orodha ya kasoro zenye picha, na kila kasoro imeandikiwa chanzo chake badala ya alama yake.

## Hatua ya 4: Panga kazi katika mafungu manne

Fungu la kwanza ni matengenezo ya lazima: uvujaji, umeme, paa, msingi. Haya mara chache huipandisha bei juu ya nyumba nyingine, kwa sababu mnunuzi huyahesabu kama haki yake. Kazi yake ni kuzuia bei isianguke.

Fungu la pili ni usafi na umaliziaji: rangi, taa, bawaba, vitasa, mlango wa mbele, bustani. Hapa ndipo fedha ndogo hufanya kazi kubwa, kwa sababu mnunuzi hujenga maoni yake mapema, akiwa bado mlangoni.

Fungu la tatu ni uboreshaji, kama jiko na bafu. La nne ni upanuzi: chumba kipya, ghorofa, kiambatisho.

Mfano mmoja wa namba unafaa kutazamwa. Nchini Marekani hutolewa ripoti iitwayo Cost vs. Value, inayolinganisha gharama za ukarabati na thamani inayotarajiwa wakati wa kuuza. Katika ripoti ya mwaka 2024, kubadilisha mlango wa gereji kulikadiriwa kurudisha karibu mara mbili ya gharama, ukarabati mdogo wa jiko karibu asilimia 96, na jiko la kifahari lililojengwa upya takriban asilimia 38. Usizibebe namba hizo kwenda mtaani kwako, kwani ni za soko jingine na ni makadirio ya wataalamu wa huko, si bei za nyumba zilizouzwa. Chukua sura yake: kazi ndogo inayoonekana hurudisha sehemu kubwa zaidi ya gharama kuliko kazi kubwa ya kifahari.

Onyo: kuna kazi zinazoshusha bei. Kubomoa ukuta ili vyumba viwili vya kulala viwe kimoja kikubwa huitoa nyumba katika kundi la vyumba vitatu na kuiweka katika kundi la viwili. Kuondoa bafu pekee lenye beseni la kuogea, kugeuza gereji kuwa chumba pale ambapo maegesho ni shida, na kuongeza vyumba vya kulala bila kuongeza choo, vyote viangaliwe kwa makini dhidi ya nyumba za Hatua ya 2.

## Hatua ya 5: Fanya hesabu

Kanuni ni hii: chukua bei baada ya kazi, toa bei ya leo, kisha toa gharama kamili. Gharama kamili si makadirio ya fundi peke yake. Ongeza akiba ya dharura ya asilimia 10 hadi 20, ada za vibali, riba kama umekopa, na kodi ya mahali pengine ikiwa itakulazimu kuhama. Kama dalali atalipwa kwa asilimia ya bei, punguza asilimia hiyo kwenye nyongeza.

Tuseme, kwa kipimo chochote cha fedha, kwa mfano milioni, bei ya nyumba leo ni 100, ya katikati ya mtaa ni 103, na ukomo ni 112. Muuzaji anauza mwenyewe, bila dalali. Ana mipango miwili ya jiko.

Mpango wa kwanza ni kulijenga jiko upya. Fundi ametaja 14. Dharura, riba na kuhama vinafikisha 17. Nyumba za mfano zenye majiko mapya ziliuzwa kwa 108. Nyongeza ni 8, kwa hiyo 9 haitarudi.

Mpango wa pili ni kuzuia uvujaji chini ya sinki, kubadilisha milango ya kabati, bomba na taa, na kupaka rangi. Pamoja na dharura ni 4. Nyumba za mfano zenye majiko safi lakini ya zamani ziliuzwa kwa 105. Nyongeza ni 5, na inabaki faida ya 1.

Sasa zilinganishe hizo mbili, maana hapa ndipo pa kuamulia. Kutoka mpango wa pili kwenda wa kwanza unatoa 13 zaidi ili upate 3 zaidi. Mtu anayetazama mpango wa kwanza peke yake huona kwamba nyumba imepanda kwa 8 na huridhika, ilhali 5 kati ya hizo angezipata kwa gharama ya 4.

Kisha ujaribu hesabu kwa hali mbaya: gharama izidi kwa asilimia 20, na nyongeza ipungue kwa nusu. Mpango wa pili unakuwa hasara ya 2.3, na wa kwanza hasara ya 16.4. Kama hasara hiyo ya 16.4 hutaweza kuibeba, jibu umelipata.

Kwa anayekaa muda mrefu, gawa kiasi kisichorudi kwa miaka utakayokaa. Ukikaa miaka sita, ile 9 ni 1.5 kwa mwaka. Jiulize kwa dhati kama ungekubali kulipa 1.5 kila mwaka ili kupika katika jiko hilo. Ukijibu ndiyo, lijenge bila kinyongo, kwa kuwa ni matumizi ya halali ya mtu katika nyumba yake. Kinachoumiza ni kuyaita matumizi hayo uwekezaji.

Dalili ya kufaulu: kila kazi katika orodha ina namba tatu pembeni yake, yaani gharama kamili, nyongeza, na matokeo katika hali mbaya.

## Hatua ya 6: Maliza suala la vibali kabla ya kuanza

Upanuzi, kubomoa ukuta unaobeba uzito, na mabadiliko makubwa ya umeme au maji taka kwa kawaida huhitaji kibali. Mnunuzi anayekopa benki huletewa mthamini, naye anaweza kukataa kukihesabu chumba kisichokuwa katika michoro iliyoidhinishwa. Thamani ya mthamini ikiwa chini ya bei mliyopatana, mnunuzi atalazimika kujazia pengo kwa fedha zake au aombe punguzo. Mara nyingi huomba punguzo.

## Hatua ya 7: Fanya kazi kutoka juu kwenda chini, na kutoka mbichi kwenda kavu

Anza na paa na maji ya nje. Fuata msingi na kuta, kisha mabomba na nyaya zinazopita ukutani, kisha lipu, vigae, kabati, rangi, na mwisho taa na vitasa. Anayepaka rangi kabla ya kupitisha nyaya hulipa rangi mara mbili.

Lipu mpya ya saruji ipewe takriban wiki nne kabla ya kupakwa rangi, hasa rangi ya mafuta, kwa sababu unyevu ulionaswa ndani huisukuma rangi ikavimba na kubanduka. Wauzaji wenye haraka hukosea hapa, na uvimbe hutokea wiki ambayo wanunuzi wanakuja. Rudia kipimo cha nailoni kabla ya kupaka.

Mlipe fundi kwa awamu zinazofuata kazi iliyokamilika na kukaguliwa, na mabadiliko yote ya katikati yaandikwe pamoja na bei yake. Piga picha za mabomba na nyaya kabla hazijafukiwa, futi ya kupimia ikionekana kando yake.

Dalili ya kufaulu: nailoni imekaa saa 24 na imebaki kavu pande zote mbili, milango yote inafunga bila kusukumwa, maji yakifunguliwa kwa dakika kumi, karatasi kavu uliyoitandika chini ya sinki haina tone.

## Hatua ya 8: Mwandalie mnunuzi jalada

Weka pamoja vibali, michoro mipya, risiti, dhamana za vifaa, cheti cha ukaguzi wa umeme, na picha za vilivyomo ndani ya kuta. Ongeza ukurasa mmoja unaoeleza kasoro zilizokutwa katika Hatua ya 3, chanzo chake na jinsi zilivyotengenezwa, zikiwemo ambazo hukuzigusa. Pembeni ya kila ufa uliopimwa andika tarehe na upana wake kwa milimita, mwezi kwa mwezi, ili mnunuzi atakapochutama ukutani na kuona alama ya penseli, aikute tarehe ile ile ndani ya jalada.